Binamu anakisifu chuo, kaka wa rafiki analaani chuo hichohicho: nimsikilize nani?

SWALI: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti, nipo Songea, nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Nimepata udahili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, kote kusomea sosholojia, na natakiwa nithibitishe kimoja. Binamu yangu alisoma Mlimani, yaani hicho cha Dar es Salaam, anasema miaka mitatu ile ndiyo iliyomfungua macho. Kaka wa rafiki yangu alisoma hapohapo na kozi hiyohiyo, anasema hakufundishwa chochote, alilala kwa kubebwa mwaka mzima, na leo hataki hata kulisikia jina la chuo. Wa Dodoma niliowauliza nao wamegawanyika hivyohivyo. Dar sina ndugu wa karibu. Baba amesema nichague mwenyewe. Nimsikilize nani?"

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Wasikilize wote wawili, maana wote wanasema kweli. Nimefundisha chuo kikuu miaka 22, na katika hiyo nimekuwa mlezi wa bweni la wasichana miaka sita. Sijaona mwaka uliopita bila kukutana na watu wa aina hizo mbili: walioingia mlango mmoja, wakakaa ukumbi mmoja, wakasahihishwa na mkono mmoja, halafu wakatoka na simulizi zisizofanana hata kidogo. Ukiwadodosa utagundua njia zao zilitengana mapema sana, wiki ile ya kwanza vitanda vilipogawiwa.

Nikupe mfano wa mabinti wawili niliowafundisha mwaka mmoja. Wa kwanza alipata kitanda bwenini, ghorofa ya tatu. Wa pili jina lake halikutoka, akapanga chumba ng'ambo ya bonde, mwendo wa dakika 50 kwa miguu kwa anayejua njia za mkato. Nilikuwa na kipindi saa moja asubuhi. Masika ilipoanza, huyu wa pili alikuwa akifika na viatu kwenye mfuko wa plastiki, miguu ina tope hadi kwenye vifundo, anasimama kwenye bomba la nje ya ukumbi ananawa kwanza ndipo aingie. Anapokaa, nusu saa ya somo imepita. Jioni tulikuwa na semina ya saa kumi na moja hadi saa moja usiku. Saa kumi na mbili na nusu ilipofika nilikuwa namwona anakusanya daftari, kwa sababu ile njia ya bondeni msichana hapiti gizani. Wenzake wakimaliza semina walikuwa wanashuka kwenye vimbweta, zile meza na benchi za zege zilizo chini ya miti, wanajadili hadi saa nne. Huko ndiko maswali ya mtihani yalikokuwa yanafunguliwa moja baada ya jingine, na yeye hakuwepo.

Matokeo ya kozi ya kwanza yalipotoka alikuja ofisini kwangu analia. Akaniambia, "Mwalimu, hapa hawafundishi." Nilinyamaza. Mwalimu wa kozi ile nilikuwa mimi, na mwenzake wa ghorofa ya tatu alikuwa amepata B+.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba yule binti hakunionea. Kila kozi utakayosoma hupimwa kwa krediti. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu inadai krediti zisizopungua 360. Chukua kozi ya krediti 12: hiyo ni kazi ya saa 120. Ukiwa na mhadhara wa saa mbili na semina ya saa moja kila wiki kwa wiki 15, umekaa mbele ya mwalimu saa 45 tu. Saa 75 zilizobaki ni za kusoma, kuandika, kubishana na wenzako na kurudia ulichokosea, na hizo hazimo kwenye ratiba utakayobandikiwa ukutani. Shuleni, bweni na kengele vilikupangia saa hizo. Kulikuwa na "prep" ya usiku na mwalimu wa zamu akipita na tochi. Chuoni hakuna wa kukupangia. Zinafanyika pale ulipo, na ulipo panategemea unapolala.

Kwa hiyo mtu akiniambia hakufundishwa, mimi huuliza kwanza zile saa 75 alikuwa wapi. Mara nyingi alikuwa barabarani, akisubiri daladala, au kwenye foleni ya maji, au amelala kwa uchovu chumba kisicho na meza wala taa ya maana. Malazi ni sehemu ya kufundishwa kwake. Vyuo vyetu vimeyaweka ofisi nyingine na bajeti nyingine, na naona hilo limetugharimu.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 Mtaa wa Lumumba, katika jengo la TANU, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wa sheria wasiofika hata 15. Kikahamia kilimani 1964, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Wazee waliosoma enzi hizo wanazungumza kuhusu chumba na chakula kama vitu ambavyo havikuwa na mjadala, kwa kuwa Serikali ilikuwa inalipa. Uchangiaji wa gharama uliingia miaka ya mwanzo ya 1990, kisha udahili ukapanda kwa kasi ambayo majengo hayakuweza kuifuata. Aprili 2017 Rais Magufuli alifungua hosteli mpya za Mlimani, majengo 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840, na nakumbuka furaha ya wazazi mwaka ule. Mwaka uliofuata ikafunguliwa maktaba mpya yenye viti vya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Ni maendeleo makubwa, sibezi. Lakini wanafunzi ni makumi ya maelfu. Wapo watakaopata kitanda na kiti, na wapo ambao hawatapata, na hao wawili ndio binamu yako na kaka wa rafiki yako.

Huyo kaka amekutajia neno kubebwa, ukalipita haraka. Simama hapo kidogo. Kubebwa ni kulala chumbani kwa mtu mwenye haki ya kitanda wakati wewe huna. Wanafunzi wanalitaja kwa kawaida kabisa, na chanzo chake ni upendo: aliyepata anamhurumia mwenzake wa nyumbani. Lakini nimekagua vyumba usiku, najua kulivyo. Vitanda viwili vya deka, watu wanne kwenye orodha, na saa saba za usiku mle ndani wamelala saba. Nguo zimetundikwa kwenye nondo za dirisha hadi hewa haipiti. Aliyebebwa hana kabati, begi lake liko uvunguni. Anaingia wenyeji wakishalala, anatoka kabla hawajaamka, asionekane anawasumbua. Akiumwa hasemi. Akiibiwa simu hana pa kushtaki, kwa sababu yeye mwenyewe hatakiwi kuwemo. Usiku mmoja nilimkuta msichana amekaa ngazini na blanketi mabegani, anasomea taa ya korido, saa tisa. Rumeti wa mwenyeji wake walikuwa wamegombana kwa ajili yake, akaona aibu kurudi ndani. Kanuni zilinitaka nimtoe bwenini usiku uleule. Nilimpeleka kwangu akalala sebuleni, na asubuhi tukaenda pamoja ofisi ya malazi. Kitanda hakikuwepo. Wiki ile niliandika barua tatu, na moja haikujibiwa hata leo.

Ushauri wangu hapo hauna mzunguko. Ukilazimika kubebwa, iwe wiki mbili za kutafutia chumba, usikubali muhula. Ukipanga mtaani, pangeni wawili au watatu mnaosoma kozi moja, muwe na njia moja na saa moja ya kurudi. Nendeni mkakitazame chumba usiku, si mchana, na muulize maji yanatoka siku gani. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, kwa hiyo hiyo ndiyo fedha ya kwanza ya kuzungumza na baba, kabla ya begi na viatu.

Hapo nimefika kwenye boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa Serikali. Bodi ya Mikopo ilipandisha fedha ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Kumbuka kiwango unachopangiwa kinaweza kuwa pungufu ya hapo, na hutolewa kwa awamu, hakidondoki kila asubuhi. Kwa hesabu ya siku 60 ni shilingi 600,000, na kwa binti wa miaka 19 ambaye hajawahi kushika laki moja yake, hizo zinaonekana hazina mwisho. Ndani ya wiki tatu zina mwisho. Nenda na fedha ya kukuvusha wiki za mwanzo, kwa sababu mkopo wenyewe hauji mpaka usajili ukamilike na usaini, na usajili una foleni zake. Wengi wanaosema "chuo kilinitesa" waliteswa na wiki hizo.

Sasa walimu. Sitawatetea wenzangu kwa kila jambo. Wapo wanaosoma slaidi neno kwa neno, wakimaliza wanamtumia kiongozi wa darasa, yule mnayemwita CR, faili lile lile awagawie. Wapo wanaokosa vipindi, kisha wanarundika vinne wiki ya mwisho. Wapo wanaokaa na alama za majaribio hadi mtihani wa mwisho unafika na mwanafunzi hajui amesimama wapi. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa kwa kawaida majaribio na kazi za darasani zinabeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Mtu ana haki ya kujua zile 40 amevuna ngapi kabla hajaziendea 60.

Pia lazima nikuambie kuwa mwaka wa kwanza utakuonyesha chuo upande wake mgumu kuliko yote. Kozi za pamoja, kama za stadi za mawasiliano na za maendeleo, hukusanya watu wa shahada mbalimbali ukumbi mmoja, wengine wamekaa kwenye ngazi, wengine wamesimama madirishani, na kipaza sauti kikikoroma huyo wa nyuma anasikia nusu. Ukipima ufundishaji wa chuo kwa hizo, utasema kama kaka wa rafiki yako. Binamu yako, nakuhakikishia, anapokumbuka kufunguliwa macho anakumbuka kozi za mwaka wa pili na wa tatu, darasa dogo, mwalimu anayekujua kwa jina na kukurudishia insha imejaa wino. Ni chuo kilekile. Mmoja anasimulia mlango, mwingine anasimulia sebule.

Usisubiri sebule ikufuate. Semina ndipo unapofundishwa hasa, kwa hiyo jiandae na uzungumze hata kama Kiingereza chako kinakwama. Wote kinawakwama, tofauti ni nani anaendelea kusema. Kila mwalimu ana saa za kuona wanafunzi zimebandikwa mlangoni. Katika miaka yangu yote, kwa darasa la watu 200 waliokuwa wanabisha hodi hawakuzidi kumi, na hao kumi mpaka leo nawakumbuka majina na mada zao. Nenda na swali lililoandikwa. "Sijaelewa" peke yake haimsaidii mwalimu kukusaidia. Sema, "Nimeelewa mpaka hapa, hapa nimepotea."

Desa nalo litakujia mikononi wiki ya kwanza, lile rundo la notisi na maswali ya miaka iliyopita linalouzwa kwenye maduka ya kutoa kopi. Maswali ya zamani yatumie kujipima, hayana ubaya. Ubaya ni kulifanya desa ndiyo kozi. Niliwahi kusahihisha majibu zaidi ya 30 yenye kosa moja lilelile la tahajia, limetoka kwenye desa moja. Mwanafunzi wa namna hiyo anaweza asipate sapu, yaani mtihani wa kurudia, anaweza hata kuhitimu, na akitoka atasema hakufundishwa. Atakuwa anasema kweli.

Jua pia mapema hesabu ya GPA, yaani wastani wa pointi za alama zako. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu 3.5. Alama za mwaka wa kwanza zinaingia humo kwa uzito wa krediti zake, hazisamehewi kwa kuwa ulikuwa mgeni. Nimewaona wengi wakisoma kwa machozi mwaka wa tatu kukimbizana na C za mwaka wa kwanza.

Lipo jambo jingine ambalo ningelikuambia hata kama usingeniuliza, kwa kuwa u binti. Mwalimu, msimamizi au yeyote mwenye mamlaka juu ya alama zako au kitanda chako akikudai ngono, hilo ni kosa la jinai kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Si aibu yako wala si siri yako ya kubeba. Hifadhi ujumbe wake, usifute kitu. Usiende ofisini kwake peke yako. Mwambie mlezi wa bweni au dawati la jinsia la chuo, na TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113. Katika wasichana waliokuja kwangu kwa shauri hili, walionusurika mapema ni wale waliomwambia mtu wiki ileile. Walionyamaza wakitumaini litapita ndio waliokuja kuacha masomo.

Nije kwenye uchaguzi wako. Dodoma ni chuo cha 2007, kilichopangwa tangu mwanzo kuchukua wanafunzi hadi 40,000, na mabweni yakawekwa kwenye mchoro pamoja na madarasa. Hilo ni jambo kubwa kuliko wanavyolipa uzito wanaokushauri. Utakayoyasikia kutoka huko ni mengine: eneo ni kubwa mno, ndaki, yaani vyuo vidogo vinavyokiunda, zimekaa mbalimbali, upepo wa Juni na Julai unakata, mji uko mbali na jioni ni kimya. Kimya nakihesabu upande wa faida, ingawa najua kwa umri wako kinaweza kuelemea. Mlimani una vitu ambavyo Dodoma inavijenga bado: maktaba kongwe yenye hazina ya miongo sita, walimu wa sosholojia wenye mizizi mirefu, na jiji ambalo lenyewe ni darasa kwa anayesomea jamii ya watu. Panda mwendokasi asubuhi moja kutoka Kimara, tazama nani anakaa na nani anasimama, umepata mada ya insha.

Ungekuwa na shangazi Ubungo au Sinza ningekuambia nenda Mlimani bila kusita. Umesema huna. Basi mimi ningekuwa baba yako ningefanya hivi: kabla hujathibitisha, pigia ofisi ya malazi ya kila chuo na uulize mwaka wa kwanza wasichana wanapewaje kipaumbele, maombi ya kitanda yanafunguliwa lini, na asiyepata mwaka jana alielekezwa wapi. Usiulize kama vitanda vipo, watakujibu vipo. Ukipata jibu lenye tarehe na utaratibu unaoeleweka kutoka Dar es Salaam, nenda Dar es Salaam. Ukizungushwa, thibitisha Dodoma na moyo mweupe, maana sosholojia utakayosoma umelala vizuri itakufikisha mbali kuliko ile utakayosoma unavuka bonde gizani.

Na wale wawili wapigie tena. Safari hii usiwaulize kama chuo ni kizuri. Waambie wakusimulie Jumatano moja ya muhula wa kwanza, kuanzia walipoamka: waliamkia wapi, walifikaje darasani, walikula nini na kwa shilingi ngapi, jioni walisomea wapi na nani, walirudi saa ngapi. Utakaposikia Jumatano zao mbili utaelewa nilichokuandikia, na utajua Jumatano yako unaitaka ifanane na ya nani.

Namba ya siri ya kuthibitisha udahili itakuja kwenye simu yako. Iingize wewe mwenyewe, usimwachie kijana wa stationery akufanyie, na hakikisha laini uliyoombea chuo iko hewani mpaka dirisha la uthibitisho lifungwe. Ukishapata kitanda, popote utakapokuwa, nenda na kufuli lako kutoka nyumbani na ndoo yenye mfuniko. Siku ya kwanza, kabla hujafungua begi, mfahamu mlezi wa bweni lako na umwachie namba ya baba.